Krismasi Nyumbani kwa Nyanya

Historia si habari za wafalme, vita na mikataba peke yake. Vitu vidogo navyo vina historia yao, na mara nyingi vitu hivyo hukaa katika kumbukumbu za watu hata baada ya majina ya magavana kusahauliwa. Mwulize mtu aliyekulia mashambani katika nchi yetu ya Kenya, katika miaka ya 1950, ya 1960 au ya 1970, akueleze Krismasi ya utoto wake. Aghalabu hatakutajia hotuba ya mkubwa wala amri ya serikali. Atakutajia chapati za moto zilizopangwa ndani ya sufuria na kufunikwa kwa kitambaa. Chai ya maziwa iliyotiwa sukari bila choyo. Jogoo aliyekimbizwa na watoto asubuhi na kuliwa mchana. Gari la waya. Mpira wa majani makavu ya mgomba. Na, juu ya hayo yote, nyumba ya babu na nyanya ambamo mambo hayo yalitendeka. Sauti yake italainika anapoyasema, na pengine atanyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Msomaji, ukimsikiliza mtu huyo usidhani kwamba anakupotezea wakati. Anakupa historia, ila hajaipanga kwa miaka. Kazi ya kuipanga ni yako. Jiulize maswali matatu. Kwa nini chakula cha sikukuu kilikuwa chapati, hali wazee wa kale wa bara hawakuijua? Kwa nini sikukuu ilifanywa nyumbani kwa nyanya, wala si mahali pale baba alipokaa na kufanya kazi? Na kwa nini mtoto alichezea waya? Tukiyajibu maswali haya matatu, tutakuwa tumepita katika sehemu kubwa ya historia ya nchi hii bila kuondoka jikoni na uani.

Tuanze na sikukuu yenyewe. Krismasi ilifika pwani yetu pamoja na Wareno, ambao walianza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593. Lakini Wareno waliondolewa katika ngome hiyo na Waarabu wa Omani mwaka 1698, na dini yao haikuacha mizizi barani. Mwaka 1844 alikuja Mombasa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Uingereza. Mkewe na mtoto wao mchanga walifariki mwaka ule ule alipofika. Hata hivyo hakurudi kwao, na mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann walianzisha kituo huko Rabai. Mwaka 1875 kikaanzishwa kituo cha Frere Town, karibu na Mombasa, kwa ajili ya watu waliookolewa katika utumwa. Kwa muda wa miaka mingi, basi, Krismasi ilikuwa jambo la watu wachache waliokaa karibu na bahari.

Reli ndiyo iliyoifungulia njia. Kazi ya kuijenga ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo. Wamisionari walifuata njia ile. Kituo cha Kaimosi kilianzishwa mwaka 1902, na shule ya Maseno mwaka 1906. Vituo hivi vilikuwa na shule, na shule zilikuwa na kalenda. Mwaka wa masomo ulianza Januari ukaisha karibu na Desemba, na hivyo likizo ndefu ikaangukia kwenye Krismasi. Tena, katika sehemu nyingi za nchi mvua za vuli huwa zimenyesha wakati huo, nyasi huwa mbichi na maziwa huwa mengi. Sikukuu ngeni ilikuta nafasi iliyo tayari. Watu wetu walijua tangu zamani namna ya kula pamoja baada ya kazi, kuchinja kwa ajili ya mgeni, na kumgawia jirani. Waliipokea siku mpya wakaijaza desturi zao za zamani.

Sasa tuje kwenye chapati. Reli hiyo haikujengwa na Waingereza kwa mikono yao. Zaidi ya watu 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba wa kazi. Karibu 2,500 kati yao walikufa hapa kwa maradhi, kwa ajali na kwa taabu nyingine. Wengi waliobaki hai walirejea kwao mikataba yao ilipokwisha, na karibu 6,700 walikaa. Watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuzoeana na Wahindi na vyakula vyao, kwa kuwa majahazi ya Bara Hindi yalifika huko karne nyingi kabla ya reli. Lakini barani, watu wengi walimwona kwa mara ya kwanza mtu akikanda unga wa ngano, akausukuma ukawa duara, akauchoma juu ya chuma. Baada yao wakaja wenye maduka, wakafika hata katika masoko madogo yaliyo mbali na reli, wakauza chumvi, sukari, nguo, mafuta ya taa na unga. Barazani mwa maduka hayo fundi cherehani alishona nguo, na kwa watoto wengi nguo mpya ya mwaka ilitoka hapo, tena ilitoka Desemba.

Ngano nayo ina habari yake. Mlowezi Lord Delamere alijaribu kuilima huko Njoro mwanzoni mwa karne ya ishirini, na kutu ya ngano ikamharibia mazao yake mara kwa mara mpaka zilipopatikana mbegu zilizoweza kuistahimili. Mwaka 1908 alianzisha kampuni ya kusaga unga. Mashamba makubwa ya ngano yalienea katika ardhi iliyotengwa kwa Wazungu, na Waafrika waliingia humo kama vibarua. Kwa hiyo yamkini mtu alipanda ngano, akaipalilia na kuivuna mwaka mzima, kisha akanunua paketi moja ya unga wake mara moja kwa mwaka, mwezi wa Desemba, kwa fedha aliyoiweka kidogo kidogo. Hiyo ndiyo sababu ya chapati kuwa chakula cha sikukuu. Utamu wake ulitokana na ngano na mafuta, na pia ulitokana na bei yake.

Tazama vitu vingine vilivyowekwa juu ya mkeka siku ile. Chai ilipandwa kwanza Limuru mwaka 1903, na makampuni makubwa yakaanza kuilima Kericho katika miaka ya 1920. Mchele, kwa wale waliobahatika kuupata, huenda ulitoka Mwea, ambako mifereji ilichimbwa katika miaka ya 1950 kwa mikono ya watu waliowekwa kizuizini na serikali ya kikoloni. Jogoo peke yake ndiye aliyekuwa wa nyanya kabisa, pamoja na maharage, viazi, ndizi na maziwa. Hivyo basi mwanamke mzee, aliyeketi kando ya mafiga matatu na kusukuma chapati kwa chupa kwa sababu hakuwa na kisukumio, alikuwa amekusanya mbele yake Bara Hindi, Njoro, Limuru na shamba lake mwenyewe. Hakuna mwandishi aliyekuja kuyaandika hayo. Aliyakumbuka mtoto aliyekuwa akisubiri chapati ya kwanza, ambayo aghalabu ilikuwa imeungua kidogo, naye akapewa kwa sababu hiyo.

Swali la pili ni la nyumba. Watu wengi hudhani kwamba kukutana kwa babu na nyanya wakati wa Krismasi ni desturi ya kale na kale. Sivyo. Hapo zamani hapakuwa na haja ya kusafiri kwenda kwa nyanya, kwa kuwa nyanya alikuwa palepale, nyumba ya pili au ya tatu. Safari ilianza watu walipotenganishwa. Kodi ya nyumba ilianzishwa mwaka 1901, na kodi ya kichwa mwaka 1910. Kodi hizo zilidaiwa kwa fedha, na fedha ilipatikana katika kazi ya mshahara, mashambani mwa walowezi na mijini. Sheria ya kuandikisha wafanyakazi ya mwaka 1915, ambayo ilianza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kuchukua kipande, naye alikitia ndani ya kijaluba cha bati akakining'iniza shingoni. Mzigo huo ulikomeshwa mwaka 1947.

Mjini, mtu huyo hakutazamwa kama baba wa watoto. Alitazamwa kama mikono miwili. Chumba alichopewa kilikuwa cha kulala na wanaume wenzake, na mshahara wake ulikuwa wa kumlisha yeye peke yake. Haya si maneno ya kinung'uniko tu. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ikiongozwa na F. W. Carpenter, ilikiri kwamba mshahara wa chini ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na jamaa, ikashauri upandishwe hatua kwa hatua mpaka umtoshe mtu na mke na watoto wake. Mpaka wakati huo, na kwa miaka mingi baadaye, mke alibaki shambani akilima, na watoto walilelewa na mama na nyanya. Baba alikuwa mtu wa barua na wa fedha za posta.

Ndipo ikaja Krismasi, siku ambayo mwajiri mwenyewe alipumzika. Baba alipanda gari la moshi au basi, akasafiri usiku kucha, akashuka njiani alfajiri na sanduku la bati kichwani. Ndani ya sanduku mlikuwa na unga, sukari, mkate wa kuoka, kitambaa cha mama, blanketi la babu na peremende. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Watoto waliimba kwa furaha, na mtoto mdogo wa miaka miwili akalia kwa sababu hakumjua mtu yule. Msomaji, zingatia sana kilio hicho. Furaha ya Krismasi nyumbani kwa nyanya ilikuwa kubwa kwa kadiri ya utengano uliotangulia. Tunapoikumbuka furaha pasipo kuukumbuka utengano, twakumbuka nusu ya jambo.

Tena tusimsahau aliyefanya kazi. Wakati wengine walipokuwa wakiongea na wageni chini ya mti, wanawake walikuwa wamekwisha kuteka maji, kupasua kuni, kukanda unga na kunyonyoa kuku. Katika nyumba nyingi walikula mwisho, nao walikula kilichosalia. Katika sehemu kadhaa za nchi wanawake na watoto walikatazwa na mila kula vipande fulani vya kuku. Kumbukumbu tamu ya mtu mmoja huenda ilikuwa mgongo uliouma wa mtu mwingine, na mwanahistoria wa kweli huwauliza wote wawili.

Swali la tatu ni la vitu vya kuchezea. Watoto wa zamani walifinyanga ng'ombe wa udongo, wakachonga pia na kuzizungusha, wakatengeneza wanasesere kwa magunzi ya mahindi na nyuzi za migomba. Hawakuacha kufanya hivyo karne ya ishirini ilipofika. Waliongeza. Waya ulikuja nchini kwa kazi ya kuzungushia mashamba na kufungia mizigo, na vipande vilivyobaki vikaokotwa. Gari la waya lilikuwa na usukani mrefu uliofika kiunoni mwa mtoto, ili aliendeshe akiwa amesimama na kukimbia nyuma yake. Magurudumu yalikuwa makopo ya rangi ya viatu, au vizibo vya chupa za soda, au vipande vya kandambili zilizochakaa vilivyokatwa kwa uangalifu. Fundi mwenye ujuzi aliliwekea lori lake magurudumu yaliyopinda kona sawasawa, na basi lake likawa na kichukuzi cha mizigo juu ya paa.

Kwa nini basi na lori? Mtoto huiga kitu anachokitazama kwa shauku. Zamani mali ya mtu ilikuwa ng'ombe, na mtoto alifinyanga ng'ombe. Sasa kitu kilichotazamwa kwa shauku kilikuwa gari linalotokea mbali na vumbi nyuma yake, kwa kuwa ndilo lililomleta baba, nalo ndilo lililomchukua. Yule mtoto aliyekimbia uani akinguruma kwa mdomo alikuwa akieleza, kwa lugha yake, jambo kuu lililotokea katika maisha yake. Alilitengeneza gari lile kwa takataka za biashara: kopo la rangi ya viatu alivyovaa mwingine, kizibo cha soda aliyoinywa mwingine. Hakuwa na kitu, akatengeneza kitu. Jambo hilo lastahili heshima, lakini heshima yetu isitufanye tuusifu umaskini wenyewe. Mtoto yule angalikuwa na senti, pengine angalinunua gari la dukani kwa furaha.

Iko miaka ambayo kumbukumbu hizi hukatika. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, ikaondolewa Januari 1960. Katika nchi ya Wakikuyu na majirani zao, zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu kuanzia mwaka 1954, wakatiwa katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki na seng'enge, na nyumba zao za zamani zikabomolewa au kuchomwa. Watu walikatazwa kutoka nje saa zilizowekwa. Maelfu ya akina baba walikuwa kambini. Kwa mtoto wa huko, nyumba ya babu na nyanya ilikuwa majivu, na Krismasi ilikuwa siku ya kuhesabu waliopo na wasiopo. Kwa hiyo, msomaji, ukimwuliza mzee wa upande huo habari za Krismasi ya mwaka 1954 naye akanyamaza, usimsumbue. Kunyamaza kwake nako ni ushahidi.

Baada ya uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, mwezi wa Desemba ulipata sikukuu mbili, ya nchi na ya kanisa. Mambo mengine yakabadilika polepole. Baadhi ya mashamba ya walowezi yaligawanywa kwa wakulima Waafrika. Mamlaka ya chai ya wakulima wadogo iliundwa mwaka 1964, na mwanamke aliyekuwa akinunua majani ya chai akaanza kuyauza. Jamaa nyingi ziliungana mijini. Chapati ikashuka kutoka katika kiti chake cha enzi: leo huuzwa kando ya barabara siku yoyote, kwa mtu yeyote mwenye njaa na sarafu chache. Vitu vya kuchezea vya plastiki vilijaa madukani. Mpira wa majani ya mgomba ukawa mpira wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba. Na tarehe 28 Agosti 2017 mifuko hiyo ilipopigwa marufuku, hata mpira wa uani ulibidi kutafuta malighafi nyingine.

Wako wanaohuzunika kwa mabadiliko hayo, nao husema kwamba Krismasi ya siku hizi haina ladha. Tuwasikilize kwa adabu, kisha tupime neno lao. Chapati haikupoteza ladha. Iliyopungua ni njaa ya kuingojea, na hiyo ni heri. Anayeililia chapati ya nyanya yake, aghalabu haulilii unga wa ngano. Amlilia nyanya mwenyewe, awalilia ndugu waliolala tisa katika mkeka mmoja, amlilia baba aliyekaa nao siku sita kisha akarudi kazini kabla hawajamzoea. Hao hawanunuliwi dukani. Twaweza kuyaonea huruma machozi hayo bila kutamani kurudi katika mambo yaliyoyaleta.

Basi, msomaji, nakupa kazi. Likizo ijapo, ukifika kwa babu na nyanya, usiishie kula. Chukua daftari na kalamu. Uliza unga ulinunuliwa duka gani, kwa bei gani, na fedha yake ilitoka katika kazi gani. Uliza ni nani aliyesafiri kuja, alipita njia gani, na ni nani ambaye hakuja, na kwa nini. Uliza ni nani aliyepika na alikula saa ngapi. Mwombe babu akuonyeshe jinsi usukani wa gari la waya unavyofungwa. Mikono yake itakumbuka hata akisahau maneno. Kama jirani yako ni Mwislamu, muulize vivyo hivyo habari za Idi ya utoto wake, kwa maana sahani zilivuka ua kwa pande zote mbili. Kisha weka majibu hayo kando ya kitabu chako cha historia, uyalinganishe na miaka iliyoandikwa humo. Utaona kwamba sheria ya mwaka 1915 ilikuwa na jina la mtu wa kwenu, na kwamba reli ya mwaka 1901 ilipita katika jiko la nyanya yako.

Wazee waliokuwa watoto wakati ule wanapungua kila mwaka. Vitabu vya serikali vitabaki, kwa kuwa viliwekewa makabati na walinzi. Habari za chapati na gari la waya hazikuwekewa kabati. Ziko katika vichwa vya watu wanaoketi juani mlangoni, wakingoja mjukuu mmoja awaulize.